UZI: Mfanyakazi wa anga za juu katika hadithi za kisayansi, na swali la nani anamiliki hewa anayoivuta

Wanajamvi, salaam.

Kuna mtu ambaye hadithi nyingi za kisayansi humpita kana kwamba hayupo. Msomaji hupelekwa angani na rubani shujaa, na kamanda wa meli ya kivita au na mtafiti mwenye kipaji, lakini fundi wa pampu, msafisha vichujio, mpishi na mtunza stoo, ambao bila wao kituo kisingemaliza wiki, hutajwa kwa sentensi moja na kusahaulika. Ninaanzisha uzi huu kwa ajili yao, kwa sababu naamini kwamba hadithi nzuri sana za anga bado hazijaandikwa, na zimejificha katika kazi za watu hao.

Hoja yangu ni kwamba uzito wa hadithi ya kazi angani unategemea maswali mawili: je, mfanyakazi huyu anaweza kukataa, na je, anaweza kuondoka? Huku duniani mtu aliyedhulumiwa na mwajiri ana mlango. Anaweza kuupita bila senti mfukoni, na hewa atakayoikuta nje haina mwenyewe. Angani, hewa, maji, joto na chombo cha kumrudisha nyumbani vyote viko mikononi mwa yule yule anayelipa mshahara. Mwandishi asiyeliweka jambo hilo katikati ya hadithi yake anaweza kutuchorea roketi za kupendeza na sayari za kila rangi, lakini kuhusu kazi atakuwa hajasema kitu.

Wala hatuhitaji kusubiri karne zijazo ili tupate mifano. Watu wamekuwa wakifanya kazi angani kwa zaidi ya miaka 50, na kumbukumbu zao ni tajiri kuliko mengi tunayoyabuni.

Tuchukue kituo cha Marekani cha Skylab. Kikosi chake cha tatu na cha mwisho, yaani Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, kiliondoka duniani tarehe 16 Novemba 1973 na kukaa angani siku 84. Wote watatu walikuwa hawajawahi kusafiri angani. Kikosi kilichowatangulia kilikuwa kimechapa kazi kwa kasi iliyowafurahisha wapangaji wa ratiba, na kasi ile ile ya watu waliokwisha kuzoea ndiyo waliyokabidhiwa wageni hawa tangu mwanzo. Pogue alishikwa na kichefuchefu na kutapika mara tu baada ya kufika. Kwa kuwa kila kilichoingia na kutoka mwilini kilitakiwa kupimwa na kuripotiwa, wenzake walishauriana kuutupa mfuko wa matapishi na kunyamaza. Kinasa sauti, hata hivyo, kilikuwa kinafanya kazi. Waliokuwa duniani wakayasikia mazungumzo yote, na Alan Shepard, aliyekuwa mkuu wa wanaanga, akawakaripia kupitia redio.

Nawaomba waandishi wakae kidogo na tukio hilo. Hakuna dubwana kutoka sayari nyingine wala kombora. Kuna mfanyakazi anayeumwa siku yake ya kwanza kazini, wenzake wanaomfichia, na mwajiri anayesikiliza kila neno. Hadithi nzima imo humo.

Katika wiki zilizofuata walifanya kazi hata siku za mapumziko na bado hawakuifikia ratiba. Mwishoni mwa Desemba yalifanyika mazungumzo ya wazi kati yao na kituo cha duniani, wakaruhusiwa kula bila kukatizwa, jioni zikawa zao, na kazi ndogondogo zisizo na saa maalumu zikaingizwa katika orodha ambayo wao wenyewe wangeipangia wakati. Kazi ikaenda vizuri tangu hapo, na hadi wanatua tarehe 8 Februari 1974 walikuwa wametimiza zaidi ya yaliyotarajiwa. Imeenea simulizi kwamba walizima redio na kugoma siku nzima. Wao waliikanusha, na kumbukumbu haziiungi mkono. Mimi naona ukweli unamfaa mwandishi kuliko simulizi hiyo, kwa sababu unawaonyesha watu waliobadilisha masharti ya kazi kwa kusema tu, wakiwa zaidi ya kilomita 400 juu ya wakubwa wao, bila kuhatarisha kazi wala uhai.

Sasa tuje kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho hakijawahi kukosa watu tangu tarehe 2 Novemba 2000. Kituo hiki huzunguka dunia takribani mara 16 kwa siku, kwa hiyo jua huchomoza kila baada ya dakika 90 hivi, na saa za kazi hazina uhusiano wowote na mchana au usiku unaoonekana dirishani. Ratiba iko kwenye skrini, imekatwakatwa katika vipande vya dakika, na juu yake unasogea mstari mwekundu unaoonyesha sasa ni saa ngapi. Aliyechelewa huuona mstari ukimpita. Sijui chombo kingine cha usimamizi kinachofaa kuingizwa katika hadithi kuliko mstari huo, kwa sababu haupigi kelele wala hautukani mtu, na hauchoki.

Katika ratiba hiyo mna mazoezi ya viungo ya takribani saa mbili kila siku, ambayo si ya hiari. Mtu asiyefanya mazoezi katika hali ya kutokuwa na uzito hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Kwa mwanaanga wa serikali jambo hili halina utata, kwa sababu mazoezi ni sehemu ya siku ya kazi. Lakini mwandishi ajiulize itakuwaje siku kampuni binafsi itakapoajiri wachomeleaji 200 katika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia. Saa hizo mbili zitahesabiwa kuwa kazi, au zitakatwa kwenye muda wa mfanyakazi kupumzika? Mfupa unaopotea kwa sababu msimamizi aliomba saa moja zaidi kwenye mtambo utalipwa na nani, na kwa kiwango gani? Ukimpa mhusika wako swali hilo, huhitaji tena kumtafutia adui.

Mifupa hiyo hiyo ina kisa kingine ambacho ningependa kila mwandishi akijue. Kituo hiki husafisha mkojo wa wakazi wake ili upatikane maji ya kunywa. Mashine ya kuusafisha ilipofungwa kituoni na kuanza kazi, ilikwama mapema kuliko ilivyotarajiwa, na uchunguzi ulipofanyika ikaonekana imezibwa na chembe za chumvi ya kalisi (kalsiamu), madini yanayojenga mifupa. Mkojo wa watu walio angani una kalisi nyingi kuliko wa watu wa duniani, kwa sababu mifupa yao inamomonyoka na kutoka nje kwa njia hiyo. Wahandisi wa duniani waliipima mashine kwa mkojo wa watu wa duniani. Ikabidi kiwango cha maji yanayovunwa kipunguzwe hadi dawa mpya ya kutibu mkojo ipatikane, na ilipofika mwaka 2023 mfumo mzima wa maji ulikuwa umefikia urejeshaji wa asilimia 98. Hebu fikirini fundi aliyelala chali mbele ya mtambo, amejifunga mkanda ili asielee, anakwangua utando mweupe kutoka kwenye bomba, na anajua kwamba utando ule ni mifupa yake na ya wenzake.

Kisa ambacho mimi hukirejea mara nyingi zaidi ni cha tarehe 16 Julai 2013. Mwanaanga wa Italia, Luca Parmitano, alikuwa nje ya kituo akiwa ndani ya vazi la anga alipohisi maji nyuma ya kichwa. Katika hali ya kutokuwa na uzito maji hayatiririki chini, bali hung'ang'ania ngozi na kutambaa. Yaliziba masikio yake, yakafunika macho, yakaingia puani. Redio ikawa haisikiki vizuri, jua likazama, na ikambidi arudi mlangoni kwa kuifuata kamba yake ya usalama kwa mkono, bila kuona. Alipovuliwa kofia, maji yaliyokuwa humo yalikadiriwa kuwa zaidi ya lita moja. Angeweza kuzama ndani ya kofia yake mwenyewe.

Chanzo cha kiufundi kilikuwa uchafu ulioziba vitundu vya mtambo unaotenganisha maji na hewa ndani ya vazi. Lakini bodi ya uchunguzi haikuishia hapo. Wiki moja kabla, vazi hilo hilo lilikuwa limevuja, na lawama ikawekwa haraka kwenye mfuko wa maji ya kunywa kwa sababu mifuko ile ilizoeleka kuwa inavuja. Hakuna aliyelichunguza jambo hilo kwa kina. Bodi ilieleza kwamba kulikuwa na msukumo wa kuutumia muda wa wanaanga kwa ajili ya sayansi kadiri iwezekanavyo, na msukumo huo uliwafanya watu wasite kuomba muda wa kuchunguza uvujaji. Msisitizo wangu uko hapo. Hakukuwa na mtu mwovu katika tukio hilo. Kulikuwa na saa za kazi zenye thamani kubwa, na kasoro ndogo iliyozoeleka. Mwandishi anayetaka kuogopesha msomaji ajifunze kuandika kikao ambamo kila mmoja ana sababu nzuri ya kutouliza swali.

Kuhusu malipo nitasema machache tu. Wanaanga wa Marekani Butch Wilmore na Suni Williams waliondoka tarehe 5 Juni 2024 kwa safari iliyotarajiwa kuchukua siku 8 hivi, wakarudi tarehe 18 Machi 2025 baada ya siku 286, kwa sababu chombo chao kilionekana si salama kuwarudisha. Shirika lao, NASA, lilieleza kwamba wanaanga wake wakiwa angani huhesabiwa kuwa watumishi wa umma waliosafiri kikazi, hulipwa mshahara wa kawaida wa saa 40 kwa wiki, hawalipwi saa za ziada, sikukuu wala mwisho wa wiki, na hupewa posho ya dola 5 kwa siku kwa matumizi madogo. Buzz Aldrin aliwahi kuonyesha hati yake ya madai ya safari ya Mwezini ya mwaka 1969, iliyokuwa na jumla ya dola 33.31. Watu hao walikuwa wachache, walioheshimiwa na kuchaguliwa miongoni mwa maelfu, na taifa zima lilikuwa likiwatazama. Tujiulize masharti yatakuwaje kwa mtu asiyetazamwa na yeyote.

Mazingira ninayoyapendekeza kwa hadithi ya namna hiyo ni ncha ya kusini ya Mwezi. Huko kuna mashimo ambayo chini yake jua halifiki kabisa, baridi hushuka zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, na barafu imo. Mwaka 2009 chombo kiligongeshwa makusudi katika shimo la Cabeus na maji yakaonekana katika vumbi lililoruka. Barafu hiyo inaweza kutenganishwa ikawa oksijeni na haidrojeni, yaani hewa ya kuvuta na mafuta ya roketi. Kwa maneno mengine, mgodi unachimba kitu kile kile ambacho wachimbaji wanakihitaji ili waishi, na kila tani wanayoitoa inagombaniwa na mapafu yao na wateja wa mwajiri wao. Hali hiyo haihitaji kutiwa chumvi.

Huko huko kuna vumbi. Chembe za vumbi la Mwezi hazijasuguliwa na upepo wala maji, kwa hiyo zina ncha kali. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyekwenda na Apollo 17 mwaka 1972, alipovua kofia ndani ya chombo alipiga chafya na pua ikaziba kama ya mtu mwenye mzio. Yeye alikaa huko siku tatu tu. Mchimbaji atakayekaa miaka atavuta kiasi gani, hata kama milango ya hewa inafyonza vumbi kila anapoingia? Migodi ya duniani ina silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe na unaojitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi wakati mwajiri ameshafunga mgodi na faili za afya hazionekani. Hadithi ya mjane anayetafuta faili la mume wake aliyechimba Mwezini ni hadithi ya kisayansi kamili, ingawa hakuna roketi inayoruka hata mara moja.

Nakubali kwamba wapo waandishi waliokwisha kuandika juu ya makampuni yanayouza hewa. Kinachonisumbua ni njia iliyozoeleka, ambapo mhusika huvaa mita shingoni na kulipia kila pumzi. Njia hiyo inapiga kelele mno. Historia inatufundisha kwamba unyonyaji hukaa kwenye karatasi ya mshahara. Wafanyakazi wa viwandani na migodini walilipwa kwa bidhaa za duka la mwajiri, kwa bei aliyoipanga mwajiri, hadi Uingereza ikalazimika mwaka 1831 kutunga sheria ya kuzuia jambo hilo katika kazi nyingi. Karatasi ya mshahara ya Mwezini haitakuwa na mstari wa hewa. Itakuwa na makato ya mafunzo, makato ya malazi, dhamana ya vazi, na amana ya safari ya kurudi, ambayo itakamilika mwezi mmoja baada ya mkataba kuisha.

Sheria za kimataifa zipo, lakini zina mianya ya kutosha kuzaa hadithi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziwajibike kwa shughuli za kampuni zao angani, na unasema nchi iliyosajili chombo hubaki na mamlaka juu ya chombo hicho na watu waliomo. Wanaanga wanaitwa humo wajumbe wa wanadamu wote, na kila nchi inatakiwa kuwasaidia wakipatwa na shida. Je, mpishi wa kituo cha uchimbaji naye ni mjumbe wa wanadamu? Na kampuni ikisajili kituo chake katika nchi yenye sheria dhaifu za kazi, mkaguzi atakayegonga mlango ni nani, na nauli yake atalipiwa na nani ikiwa chombo pekee kinachokwenda huko ni cha kampuni?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nimesoma yote kwa makini, na nina pingamizi moja la msingi. Kumtunza mtu mmoja angani kunahitaji hewa, maji, chakula, joto na ulinzi dhidi ya mionzi, wakati roboti inahitaji umeme tu. Kampuni yoyote inayopiga hesabu zake vizuri itapeleka mashine. Kwa hiyo wafanyakazi unaowasikitikia hawatakuwepo kabisa, na hadithi hizo zitakuwa za ndoto badala ya sayansi.

Mwanzisha uzi:

Pingamizi lako ni la haki, na kwa kiasi fulani limekwisha kutimia, kwa maana mkono mkubwa wa roboti wa Kituo cha Kimataifa huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu walioketi duniani. Mawimbi ya redio huchukua takribani sekunde 1.3 kufika Mwezini na muda kama huo kurudi, kwa hiyo mtu anaweza kuendesha mashine ya Mwezini akiwa ofisini, ilimradi awe na subira. Lakini hapo mfanyakazi hajatoweka, amehamishwa tu. Yupo kwenye chumba chenye skrini, zamu ya usiku, anaongoza tingatinga ambalo hutii baada ya karibu sekunde tatu, na likikwama katika shimo la giza kosa litaandikwa kwa jina lake. Ningeisoma hadithi hiyo kwa hamu kubwa.

Kwa Mirihi mambo ni tofauti. Huko ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda upande mmoja, kutegemea sayari ziko wapi. Mashine iliyokwama haiwezi kusubiri hivyo kila inapogeuza gurudumu, na mashine zenye akili ya kujiongoza nazo huharibika kwa namna ambazo hakuna aliyezitabiri, kama ile ya mkojo. Atahitajika mtu karibu. Na mtu huyo ana hesabu yake mwenyewe. Chombo cha Curiosity, roboti ya Marekani iliyotumwa Mirihi, kilipokuwa safarini kilipima mionzi ya takribani milisiverti 1.8 kwa siku (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Safari ya miezi sita kwenda na miezi sita kurudi inafikisha zaidi ya milisiverti 600 kabla hajakanyaga sayari yenyewe, ilhali kikomo ambacho Marekani imewawekea wanaanga wake kwa maisha yote ya kazi ni 600. Maana yake ni kwamba safari moja inamaliza kiwango chote anachoruhusiwa, na akirudi hawezi kuajiriwa tena katika kazi pekee aliyoisomea. Kampuni inayopiga hesabu vizuri itaandika nini katika mkataba wa mtu wa safari moja?

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mwanzisha uzi, mimi ni baharia, na nimeusoma uzi huu nikiona maisha yangu mwenyewe. Mwaka 2020 bandari zilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, mabaharia takribani 400,000 walibaki melini baada ya mikataba yao kuisha, nami nilikuwa mmoja wao. Mwajiri wetu, ambaye sitamtaja, hakuwa mkatili. Kila tulipokaribia bandari tuliambiwa kwamba mabadilishano yatafanyika bandari inayofuata. Orodha ya majina ya watakaotupokea ilibandikwa ukutani katika chumba cha kulia, ikafutwa na kuandikwa upya hadi karatasi ikatoboka mahali pa tarehe.

Nataka waandishi wajue kinachotokea kwa mtu katika hali hiyo, kwa sababu si kile ambacho filamu huonyesha. Hakuna aliyepiga mtu wala kupiga mayowe. Watu waliacha kukunja nguo, wakaacha kuzungumzia nyumbani, na fundi mmoja makini sana akaanza kuandika kwenye daftari la ukaguzi namba za jana bila kwenda kusoma kipimo. Mimi nilimwona na sikusema. Hatari ya kumbakisha mtu kazini kupita muda wake iko kwenye daftari lile.

Sisi angalau tuna Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006. Unatupa haki ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli kabla ya miezi 12 melini kutimia, na baharia asiyelipwa mshahara kwa miezi miwili huhesabiwa kuwa ametelekezwa, na bima inatakiwa igharimie kurudi kwake. Haki hizo ziliyumba mwaka ule, lakini tulikuwa na karatasi ya kuonyesha. Hao wa angani wana karatasi gani?

Mwanzisha uzi:

Kaka, nakushukuru sana kwa ushuhuda huu, na hasa kwa daftari la namba za jana. Pole kwa yaliyokupata.

Kuna mtu mmoja wa angani aliyepita njia inayofanana na yako. Sergei Krikalev alipanda kituo cha Mir mwezi Mei 1991 akiwa raia wa Muungano wa Kisovyeti, kwa safari ya miezi mitano hivi. Mpango wa safari ukabadilishwa kwa sababu ya uhaba wa fedha na siasa za Kazakhstan, ulipo uwanja wa kurushia roketi, akaombwa abaki, naye akakubali. Mwezi Desemba nchi iliyomtuma ikavunjika. Alirudi tarehe 25 Machi 1992 baada ya siku 311. Chombo cha kurudia kilikuwepo wakati wote, kimeunganishwa na kituo. Angeweza kuondoka na mwenzake, lakini Mir ingebaki bila mtu. Kwa hiyo swali langu la kuondoka lina sura ya pili ambayo wewe umeigusa: wakati mwingine mlango upo, na kinachomzuia mtu ni kazi yenyewe aliyoikubali.

Kuhusu karatasi, jibu fupi ni kwamba hakuna mkataba wa kimataifa wa kazi unaowahusu wafanyakazi wa angani kama ule wenu. Mwandishi anaweza kuubuni. Ningeanza na kifungu chenu cha miezi miwili, kisha nimuulize mwenye bima ya kituo cha Mirihi atamrudisha vipi mtu aliyetelekezwa, wakati nafasi nzuri ya kusafiri kati ya sayari hizi mbili hujitokeza mara moja tu katika kila miezi 26.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nimeshughulika na masuala ya vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi, na swali langu ni la mgomo. Silaha ya mfanyakazi ni kuacha kazi. Ikiwa kazi ndiyo inayotengeneza hewa, akiigomea anajiua yeye mwenyewe. Je, hoja yako haimaanishi kwamba angani mfanyakazi hana nguvu yoyote, na hivyo hadithi zote zitakuwa za maombolezo?

Mwanzisha uzi:

Hapana, mkuu, na nimefurahi umeuliza. Mwajiri anamiliki hewa kwenye karatasi, lakini mikono inayoitengeneza ni ya wafanyakazi, na mikono hiyo haiwezi kubadilishwa wiki ijayo. Duniani mgomo huvunjwa kwa kuleta watu wengine kutoka langoni. Mwezini hakuna watu langoni, na Mirihi watu wapya wanaweza kuchukua zaidi ya miaka miwili kufika. Utegemezi ule unaomfunga mfanyakazi unamfunga na mwajiri pia, ingawa si kwa uzito sawa, kwa sababu mmoja anahatarisha fedha na mwingine uhai.

Kwa hiyo mgomo wa angani hautakuwa wa kuweka zana chini. Utaanza kwa kuzigawa kazi katika mafungu mawili: kazi za kuwaweka watu hai na kazi za kumpatia mwajiri faida. La kwanza litaendelea kwa uangalifu kuliko kawaida, tena kwa zamu zilizoandikwa, ili asiwepo wa kusema wamehatarisha kituo. La pili litasimama. Shehena ya barafu haitapakiwa, lakini vichujio vya hewa ukaa vitabadilishwa kwa wakati.

Ugumu wote, na utamu wote wa hadithi, uko kwenye kugawa. Ningeifungua hadithi hiyo mezani, wafanyakazi wakiwa na orodha ya kazi za wiki, wakibishana mstari kwa mstari. Mtambo wa oksijeni hauna ubishi. Lakini antena inayopeleka takwimu za uzalishaji ndiyo hiyo hiyo inayoleta sauti za watoto wao. Barafu inayochimbwa kwa ajili ya mafuta ya wateja hupita kwenye tanuri lile lile linalotoa maji yao ya kunywa, na tanuri likizimwa huchukua muda mrefu kupata moto tena. Daktari wa kituo anatibu wagonjwa, lakini pia ndiye anayesaini kwamba fulani anafaa kurudi zamu. Kila mstari utakuwa na anayeutetea na anayeupinga, na wote watakuwa na sababu. Msimamizi naye yuko nje ya mlango, anavuta hewa ile ile, na wafanyakazi watalazimika kuamua kama atahesabiwa katika mgao wa maji.